Hori ya Samweli

Vijana wa kwaya huleta matawi ya mkrismasi siku mbili kabla ya sikukuu. Huyapakia kwenye guta na kuyamwaga mlangoni mwa kanisa, na mimi, mchungaji wao, siku hiyo lazima nipate udhuru. Nitakumbuka mgonjwa wa kumtembelea kule juu karibu na msitu. Nitapanda bodaboda, nipitwe na magari ya watalii yanayokwenda Ngorongoro kana kwamba Krismasi haiwahusu, na sitarudi mpaka wawe wamemaliza kupamba. Wanakwaya wanaamini nina mzio. Mwalimu wao alinishauri ninunue dawa ya mafua pale stendi, nami nikamshukuru.

Si mafua. Ni utomvu ule mbichi. Ukinigusa pua tu, nipo Endabash, kijijini kwetu, na nina miaka saba, na kutoka huko si kazi ndogo. Mwaka huu imekuwa mbaya zaidi kwa sababu Mama hayupo. Tulimzika wakati watu wanapiga mbaazi. Mliokwisha kuzika mama mnaijua sikukuu ya kwanza ilivyo: unapika, unaonja chumvi, halafu unageuka kumtafuta wa kumwuliza kama imekolea.

Baba alikuwa mwinjilisti. Kwa asiyejua, mwinjilisti ni mtu anayefanya kazi zote za mchungaji isipokuwa ile inayompa mchungaji heshima. Anahubiri, anazika, anafundisha kipaimara, anapatanisha waume na wake zao, halafu mara moja kwa mwezi mchungaji anakuja na pikipiki kubariki meza ya Bwana na kula kuku. Kuku alikuwa wetu. Kanisa lilikuwa la tofali za udongo na bati, na nyumba yetu ilikuwa mashamba mawili kutoka hapo, kwa hiyo hata kikao cha wazee kikichelewa, chai ilipikwa kwetu.

Sisi ni Wairaqw, na Baba alikuwa hodari wa kuhubiri juu ya mila. Alisema mwiko ni kamba ambayo Kristo ameshaikata, aliyebaki amefungwa anajishikilia mwenyewe. Watu walimsikiliza kwa adabu, wakaitikia amina, wakarudi nyumbani kuishi kama bibi zao walivyowafundisha. Hawakuwa wanafiki. Waliona tu kwamba nyumba inaweza kuwa na mlango wa mbele na wa nyuma, na yote miwili ikatumika.

Mwaka ule Mama alijifungua mtoto wa kiume. Walikuwa wamemsubiri tangu mimi nianze kutembea, na Baba alimwita Samweli kwa sababu aliombwa kwa Mungu. Furaha ilimpanda Baba kichwani. Miaka yote, katika igizo la Krismasi, mtoto Yesu alikuwa gunzi la hindi lililoviringishwa kitenge. Baba akatangaza kwamba safari hii tutakuwa na mtoto anayepumua. Alinunua mbao, akatengeneza hori mpya kwa mikono yake, ndefu kiasi cha mkono wa mtu mzima, na akaipiga randa hata ndani, mahali ambapo hakuna ng'ombe angejali. Ng'ombe wetu alikuwa anaihitaji kweli, ya kwake ilikuwa imeoza. Baba alisema ng'ombe atasubiri, hori itatumika kanisani kwanza.

Mimi nilipewa kazi ya malaika wa kufukuza nzi. Mwalimu wa shule ya Jumapili alinikabidhi tawi la mkrismasi, nisimame karibu na hori nimpepee mdogo wangu. Tulifanya mazoezi Jumamosi mbili. Samweli alikuwa akipepewa anapiga chafya, watoto wote wanacheka, na mimi napepea tena makusudi ili apige nyingine. Mwalimu alikuwa anatufundisha maneno yale yale kila mara: siku ya Krismasi Mungu anatupa mtoto, anamlaza horini, na sisi tunakwenda kumpokea. Niliyashika hayo maneno kama yalivyo.

Alikuwa na miezi miwili alipoanza kukohoa. Mama alimpeleka zahanati, akarudi naye na chupa ya dawa ya maji, na asubuhi ya siku ya tatu Samweli hakuamka kunyonya. Mama hakupiga kelele. Nilimsikia akimwita jina polepole, kama mtu anayemwamsha mgeni. Bibi, mama yake Baba, aliyekuwa akikaa nasi, alinishika bega akanipeleka jikoni na kunipa viazi nimenye, ingawa vilikuwa vimeshamenywa jana yake. Kupitia mlango wa jiko nilimwona Baba anapita na jembe. Mvua ilikuwa imekolea, kila mtu alikuwa anapanda, kwa hiyo nilidhani anakwenda shambani. Sikuonyeshwa kaburi, na sikuuliza.

Nilimwuliza Bibi Samweli yuko wapi.

"Mungu amemchukua," alisema.

"Atamrudisha lini?"

Bibi alikuwa anapuliza moto. "Hayo anayajua Mungu mwenyewe," alisema, nami nikaona ni jibu la kuridhisha, kwa sababu siku Mungu anayoleta watoto niliijua tayari. Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili.

Kwetu, nyumba iliyofiwa na mtoto anayenyonya hukaa. Kwa Kiiraqw jambo hilo lina jina zito. Katika Kiswahili chetu cha nyumbani tulisema tu kwamba watu fulani wamekaa. Nyumba iliyokaa haiombi moto kwa jirani wala haimpi. Haichoti maji pamoja na wengine. Haitembei, haitembelewi, haimpi mtu mkono, mpaka miezi ipite na wazee waseme basi. Kisa chake si laana. Bibi alinieleza kwamba huzuni ya namna ile inaweza kumfuata mjamzito au mtoto mchanga wa nyumba nyingine, kwa hiyo mwenye nayo anaikalia ili isitembee. Nimesoma theolojia miaka kadhaa baada ya hapo na sijaona mahali palipoelezwa vizuri zaidi kwa nini mtu abebe mzigo wake peke yake ili wenzake wapone.

Na majirani hawakututupa. Asubuhi tulikuta maharage, maziwa kwenye kidumu, kuni zilizofungwa vizuri, vyote vimewekwa mpakani mwa shamba letu, na aliyeviweka amesimama mbali anaita, "Bwana Yesu asifiwe, Mama Mwinjilisti." Mama anaitikia amina kutoka mlangoni. Aliyekuja mara nyingi ni Mama Neema, rafiki yake, aliyekuwa akisimama naye kwenye sauti ya pili kwayani. Neema wake na Samweli wetu walizaliwa wiki moja. Alikuwa akiita, anaacha vitu, anakaa pale muda, halafu anaondoka.

Baba alijaribu kupinga. Jioni ile ile ya msiba alimwambia Bibi, "Mama, sisi ni watu wa Kristo. Mambo haya nimeyahubiri mwenyewe."

"Kristo namjua hata mimi," Bibi akamjibu. "Ila Neema bado ananyonya pale ng'ambo. Likimpata la kumpata, utamwambia nini mama yake?"

Mganga hajigangi. Wazee wa kanisa wakamtafutia njia ya katikati: Krismasi haiwezi kukosa mhubiri, basi Mwinjilisti ahamie chumba cha ofisi ya kanisa, ale huko na alale huko, asiwe mtu wa nyumba iliyokaa. Akakubali. Alichukua godoro, Biblia na kanzu yake, na kuanzia siku hiyo alikuwa anakuja kutusalimia akiwa amesimama mpakani, pale pale kwenye maharage. Nilikuwa mtoto, nilifurahia. Hakuna shule ya Jumapili, hakuna kutumwa dukani, na baba yangu anakuja kila jioni kama mgeni. Kuhusu kutopeana mikono nilijieleza mwenyewe: mikono yetu inatunzwa iwe safi kwa ajili ya kumpokea Samweli.

Siku chache kabla ya sikukuu nilikwenda kuchukua maziwa nikakuta hori. Ilikuwa imewekwa kando ya kidumu, imefutwa vumbi. Leo naelewa. Chombo cha nyumba iliyokaa hakingeweza kulaza mtoto wa mtu mwingine, na walioirudisha walifanya hivyo kwa upole wote waliokuwa nao. Lakini siku ile nilishikwa na hofu. Hori iko huku, na Mungu anamleta kule. Nilikimbia hadi kwa Mama, aliyekuwa amekaa uani anachambua maharage. Maziwa yalikuwa yamemvimbia na alikuwa amefunga kifua kwa kanga.

"Mama, wameturudishia hori."

"Nimeona."

"Sasa Mungu atamweka wapi Samweli?"

Mikono yake ilisimama kwenye ungo. Nikamweleza yote, kwa uvumilivu, kama unavyomweleza mtu mzima asiyehudhuria shule ya Jumapili. Siku ya Krismasi Mungu anatoa mtoto. Anamlaza horini. Sisi tunakwenda kumpokea. Hori ni ya Samweli, kila mtu anajua.

"Nani amekuambia?"

"Mwalimu. Na Baba pia anahubiri."

Mama aliniangalia kwa muda mrefu. Hakuniambia nimekosea. Maisha yangu yote nimekuwa nikirudi kwenye ukimya ule, nikiugeuza huku na huku. Mwishowe alisema, "Kalete hayo maziwa kabla paka hajayafikia."

Usiku wa kuamkia Krismasi ulikuwa bado haujaingia Baba alipokuja mpakani. "Mama, mwaka huu kaeni tu," alimwambia mkewe. "Watu hawajapoa. Mtoto naye akae." Mama akasema sawa, Baba Mwinjilisti. Sikuwahi kumsikia akimwita hivyo, hilo lilikuwa jina la watu wa nje.

Asubuhi kengele ya kanisa, ambayo ilikuwa rimu ya gari iliyotundikwa mtini, ilipigwa mara ya kwanza, nami nikaanza kulia. Nililia kwa ajili ya Samweli, atakayefika akute hakuna mtu wa kwao. Bibi alinikemea. Kengele ikapigwa mara ya pili. Mama akanyanyuka, akaniogesha, akanivalisha gauni langu jeupe la malaika, akavaa kitenge chake kizuri. Kisha akatoka nje, akaiinua hori na kuiweka kichwani juu ya kata.

"Unakwenda wapi na hiyo?" Bibi aliuliza.

"Kanisani, Mama."

"Watu wana watoto huko."

"Najua."

Bibi hakumzuia kwa mkono. Alikaa chini kwenye kizingiti akajifunika uso na shuka lake.

Tulipita kati ya mashamba. Waliotutangulia waligeuka wakatuona, wakatoka njiani na kusimama kwenye mahindi machanga mpaka tupite. Hakuna aliyetusema. Walitusalimia hata, sikukuu njema, na Mama akaitikia bila kutikisa kichwa kwa sababu ya mzigo. Mimi nilitembea mbele, na sijawahi kutembea kwa fahari kama ile tena, hata siku niliyowekewa mikono kuwa mchungaji.

Ndani walikuwa wameshaanza. Mlango ulikuwa wazi na harufu ya matawi ilinijia kabla ya kuona chochote. Yalikuwa yamefungwa kwenye kila nguzo. Mbele, chini ya madhabahu, palikuwa na beseni kubwa lenye nyasi, na ndani yake kitambaa cheupe, na kutoka kwenye kitambaa mguu mdogo ulikuwa unachezacheza.

"Mama," nikasema, "ameshafika."

Nikakimbia. Nilifika hadi kwenye beseni na mikono yangu ilikuwa imeshanyooka. Mama Neema alitoka kwayani haraka kuliko mimi, akamnyanyua mwanawe, na Neema akashtuka akalia. Mama Neema alimfunika kwa kitenge, akageukia ukutani, mabega yake yakawa yanatikisika. Alikuwa analia na yeye. Nyuma yangu mabenchi yalikuwa yanasogea. Watu walijivuta pembeni kama unavyompisha aliyebeba mzigo, wanawake wakiwaingiza watoto chini ya kanga, hata ikabaki njia nyeupe kutoka mlangoni mpaka madhabahuni. Katika ile njia alisimama Mama, hatua chache tu ndani, hori kichwani. Mwisho wake alisimama Baba na kanzu yake.

Alitazama hori kwanza, kisha Mama, kisha mimi. Kitabu cha nyimbo kilikuwa wazi mkononi mwake. Nilingoja ashuke. Kila mtu alingoja, nadhani hata waliokuwa wanamwogopa Mama walitaka ashuke, ili wajue la kufanya.

"Tusimame tuimbe," alisema.

Wakaimba. Mama alisimama ubeti mmoja mzima. Halafu akaniita kwa mkono, akageuka, akapiga magoti kidogo ili hori isigonge fremu ya mlango, akatoka. Tulirudi nyumbani. Jioni ile ng'ombe alilishwa kwenye hori mpya, akala vizuri.

Neema hakupatwa na lolote. Yuko Arusha sasa, ana watoto watatu. Miezi ilipopita wazee walisema basi, Baba akarudisha godoro lake, na Mama akarudi kwayani akasimama palepale karibu na Mama Neema, wakaimba sauti ya pili kama zamani. Lakini Baba aliomba uhamisho, na mwaka uliofuata tulipelekwa Malambo, kwa Wamaasai. Huko mtoto akikutana na mkubwa huinamisha kichwa, na mkubwa humwekea kiganja utosini. Mzee wa kwanza aliponiwekea mkono wake nilianza kulia mbele ya watu, na hakuna aliyejua kwa nini, hata mimi.

Nilimwuliza Baba jambo hili mara moja tu, nilipokuwa nimeshavaa kola. Tulikuwa wawili shambani kwake.

"Kwa nini hukushuka?"

Alielewa bila kuuliza siku gani. "Ningeshuka, wangetoka wote," alisema. "Siku ya Krismasi. Ningebaki na ninyi wawili."

"Tungekuwa watatu, Baba."

"Hesabu hiyo naijua. Naifanya kila mwaka."

Nilimkasirikia sana. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi kipindi kile nilikuwa bado nimekaa ukingoni mwa kitanda. Sasa nakilalia. Ninaijua hofu ya mabenchi kuachwa matupu, na nimekwisha kutangaza nyimbo zangu kadhaa mahali nilipotakiwa kushuka.

Badala yake nikawa nahubiri. Hadithi ya Mama na hori nimeihubiri mara nne, bila kutaja jina. Nilisimulia juu ya mwanamke mmoja aliyebeba hori tupu kichwani ili kulihukumu kanisa lililohubiri lisichokiamini. Nilimfanya nabii. Watu walilia, na mimi nilijisikia nimemlipia Mama kitu fulani. Nilikuwa na hakika kwamba ndivyo ilivyokuwa: alikwenda kumpima mumewe mbele ya watu wote, na mumewe akapungua.

Miezi yake ya mwisho Mama alikaa kwangu, hapa Karatu. Mchana mmoja nilikuwa namsuka nywele uani, nywele zilizobaki, na nikamwambia kwamba nimekuwa nikisimulia habari zake kanisani. Nikamweleza nilivyosimulia. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kumpima baba yako?" aliuliza.

"Si ndivyo?"

Nilidhani amesinzia, siku hizo alikuwa anasinzia katikati ya maneno.

"Mimi nilikwenda kumchukua mtoto wangu," alisema. "Wewe si ulisema atakuwepo? Nilikuamini mpaka yule mtoto alipolia, nikasikia si sauti yake."